Sura ya 6: Kipande Kimoja cha Börek Kina Nini Ndani?

"Je, börek inanenepesha?"

Swali hili hunifikia kutoka pande nyingi. Huliuliza mfanyabiashara wa nguo anayekwenda Istanbul kila msimu na kushukia Laleli, kwenye maduka ya jumla. Kila asubuhi hula sahani moja ya börek na glasi ya chai kabla ya kuanza mizunguko. Huliuliza kijana aliyekwenda kusoma Ankara, ambaye baada ya miezi michache ameona suruali zinambana. Huliuliza hata mama ambaye hajawahi kukanyaga Uturuki, lakini amefuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili na kuona jinsi sinia linavyotolewa kila mgeni akibisha hodi.

Wapo pia wanaouliza kinyume chake: "Lakini ina jibini, ina mayai, ina spinachi. Hicho si chakula kamili?"

Pande zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana jibu la neno moja halimsaidii mtu. Katika sura hii tutaifungua börek tabaka kwa tabaka. Tutachukua sinia zima, tupime kila kilichoingia, tupige hesabu, kisha tugawe vipande. Ukimaliza kusoma utaweza kusimama mbele ya kabati la vioo la duka lolote la börek na kujijibu mwenyewe.

Börek ni nini hasa?

Börek ni jina la familia nzima ya vyakula. Kinachowaunganisha ndugu hao ni ukoko mwembamba wa unga wa ngano uliofunika kijazo: jibini, nyama ya kusaga, spinachi, viazi na vinginevyo. Msomaji wa pwani anaweza kuanzia kwenye sambusa. Manda ya sambusa na ukoko wa börek ni watu wa ukoo mmoja, ingawa kila mmoja amekulia nyumba yake.

Ukoko huo huitwa yufka. Unga wa ngano hukandwa kwa maji na chumvi, bila hamira, ukakatwa madonge na kupumzishwa chini ya kitambaa chenye unyevunyevu. Kisha mpishi huchukua oklava, kifimbo chembamba na kirefu kuliko kile cha chapati. Hulisukuma donge mpaka liwe kama chapati kubwa, halafu hulizungushia kwenye kifimbo na kukibingirisha huku viganja vikitoka katikati kwenda pembeni. Hukunjua, hugeuza, hunyunyiza unga kidogo, hurudia. Baada ya dakika chache, donge lililoenea kiganjani limekuwa duara pana kama sinia kubwa la pilau, jembamba kiasi kwamba ukilinyanyua kuelekea dirishani unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili.

Kazi hii haikuzoeleka kufanywa na mtu mmoja. Katika vijiji vya Anatolia wanawake hukusanyika kwa utaratibu uitwao imece, ambao sisi tungeuita ujima. Mmoja anakanda, mwingine anasukuma, wa tatu anageuza juu ya sac, yaani kikaango kikubwa cha chuma kilichobinuka. Yufka zilizokaushwa hupangwa juu kwa juu na kuliwa kwa miezi wakati wa baridi. Siku ya kuzitumia hunyunyiziwa maji zikalainika. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kutengeneza mikate hii myembamba na kuila kwa pamoja katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Uturuki, Azerbaijan, Iran, Kazakhstan na Kyrgyzstan. Weka akilini maneno hayo, "kuila kwa pamoja". Tutayahitaji mwishoni.

Dola ya Osmania ilipotanuka, börek ilisafiri nayo. Ndiyo maana Waalbania wana byrek, Watunisia wana brik, na Wabosnia wana burek, ambayo kwao ni ile ya nyama tu. Zenye vijazo vingine zina majina yake. Sisi tutabaki Uturuki, kwenye sinia la kawaida la nyumbani.

Hesabu ya sinia moja

Kabla ya hesabu, tuelewane kuhusu maneno manne.

- Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unaipata kutoka kwenye chakula. Kwenye pakiti huandikwa kcal. Mwanamke mtu mzima huhitaji takriban kalori 2,000 kwa siku, mwanamume takriban 2,500, kutegemea umri, mwili na kazi.
- Wanga ni sehemu ya chakula inayogeuka kuwa sukari mwilini, kama ile iliyomo kwenye ugali, wali na mkate. Gramu moja hutoa kalori 4.
- Protini ni sehemu inayojenga na kukarabati mwili. Nayo hutoa kalori 4 kwa gramu.
- Mafuta hutoa kalori 9 kwa gramu, zaidi ya mara mbili ya hizo nyingine.

Sasa tuandae sinia la börek ya jibini, lile liitwalo tepsi böreği, yaani börek ya sinia. Vipimo hutofautiana nyumba hadi nyumba, lakini hivi ni vya kawaida:

- Unga mweupe wa ngano gramu 500: kalori 1,800
- Jibini nyeupe gramu 300: kalori 790
- Mafuta ya alizeti mililita 100: kalori 810
- Mayai 2: kalori 140
- Maziwa mililita 200: kalori 120

Ongeza kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye unga, na fungu la maydanoz, majani ya kijani yanayofanana na kotimiri, yanayochanganywa na jibini. Jumla ya sinia zima ni kalori 3,660 hivi.

Ukilikata vipande 12, kila kimoja kitakuwa na uzito wa gramu 110 hivi, karibu upana wa kiganja, na ndani yake mtakuwa na:

- kalori 305
- wanga gramu 33
- mafuta gramu 15
- protini gramu 9
- kalsiamu miligramu 150
- nyuzinyuzi gramu 1
- chumvi gramu 1 na ushei

Tuzitafsiri namba hizi kwa vitu tunavyovijua. Yai moja lina protini gramu 6, kwa hiyo kipande hiki kinakupa protini ya yai moja na nusu. Kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno, ni sawa na ile ya nusu glasi ya maziwa. Hayo ni mema, na anayesema börek haina faida yoyote hajaipima.

Upande wa pili, nyuzinyuzi ni kidogo mno. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mimea isiyomeng'enywa. Hulainisha choo, hukufanya ujisikie umeshiba na huzuia sukari isipande kwa kasi kwenye damu. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, na kipande hiki kimeleta gramu moja. Unga mweupe umeshapoteza maganda yake kinuni, na nyuzinyuzi nyingi zimekwenda nayo.

Sasa angalia kalori. Kati ya zile 305, takriban 130 zinatokana na mafuta, nyingine 130 zinatokana na wanga, na protini imechangia chini ya 40. Mtu wa kilo 70 angehitaji takriban saa nzima ya kutembea kwa mwendo wa haraka kuzitumia kalori za kipande kimoja. Kipande kimoja si tatizo kwa mtu mwenye afya. Vitatu ni kalori zaidi ya 900, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mwanamke, na jua la asubuhi bado halijakolea.

*Kwa kifupi: kipande cha gramu 110 cha börek ya jibini kina protini na kalsiamu za kuheshimika, nguvu nyingi, na nyuzinyuzi kidogo sana.*

Kijazo kinabadilisha nini?

Watu wengi huamini kwamba wakiagiza ya spinachi wamejiepusha na kunenepa, na wakichukua ya nyama wamejiharibia. Tujaribu. Acha unga, mafuta, mayai na maziwa kama vilivyokuwa, badilisha kijazo tu, kisha ukate vipande 12 vilevile:

- Viazi gramu 600: kalori 280, protini gramu 7
- Spinachi mbichi gramu 600 na jibini gramu 150: kalori 285, protini gramu 9
- Jibini gramu 300: kalori 305, protini gramu 9
- Nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 400: kalori 325, protini gramu 11

Hesabu hii huwashangaza wengi. Kati ya ya chini kabisa na ya juu kabisa pana tofauti ya kalori 45, chini ya nusu ya ndizi. Kijazo hakikunenepeshi wala hakikukondeshi kwa kiasi unachodhani. Kinachobadilika ni faida unayoipata pamoja na kalori hizo.

*Ya spinachi (ıspanaklı)* huongeza nyuzinyuzi maradufu, kutoka gramu 1 hadi 2. Huleta foleti, vitamini ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, pamoja na vitamini K inayosaidia damu kuganda mtu anapoumia. Pia kwa kuwa jibini imepunguzwa nusu, chumvi nayo inashuka. Lakini usiitegemee kwa kalsiamu na madini ya chuma kama watu wanavyodhani. Spinachi ina asidi ya oksaliki, kitu cha asili kinachoyashika madini hayo na kuyazuia yasinyonywe vizuri. Kalsiamu ya kwenye jibini hunyonywa vizuri zaidi kuliko ya kwenye spinachi, kwa hiyo kuvichanganya viwili hivyo ni busara ya zamani.

*Ya nyama (kıymalı)* hutoa protini nyingi zaidi, na madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa urahisi. Kwa mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi, hiyo ni faida ya kweli. Ubaya wake hutegemea nyama: iliyosagwa na shahamu nyingi huongeza mafuta ambayo hukuyaona yakimiminwa.

*Ya viazi (patatesli)* ni nafuu na inashibisha, ila ni wanga ndani ya wanga. Ukiila, tafuta protini mahali pengine mezani: yai, mtindi au jibini.

*Ya jibini (peynirli)* ndiyo inayoongoza kwa kalsiamu, na ndiyo inayoongoza kwa chumvi. Tutairudia.

Ziko pia börek za adesi, za maboga na za liki. Ya adesi inastahili kufahamika zaidi, kwa sababu huleta protini na nyuzinyuzi kwa mkupuo mmoja.

Mafuta ndiyo yanayoamua

Kama kijazo hakibadilishi sana kalori, ni nini kinachobadilisha? Chukua tena sinia letu la jibini. Badala ya mililita 100 za mafuta, tumia 50. Kila kipande kinashuka kutoka kalori 305 hadi 270. Sasa fanya kama zifanyavyo nyumba za mkono mkunjufu: tumia gramu 200 za siagi. Kipande kinapanda hadi kalori zaidi ya 350. Kutoka 270 hadi zaidi ya 350, kwa kubadili kitu ambacho hakionekani hata kidogo ukiitazama börek kwa juu.

Aina ya mafuta nayo ina uzito. Gramu 100 za siagi na mililita 100 za mafuta ya alizeti hazipishani sana kwa kalori. Zinapishana kwa kile kinachoitwa mafuta yanayoganda, yaani yale yanayokuwa magumu yakipoa, kama siagi na shahamu. Yakizidi, hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu na kuuweka moyo hatarini. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani takriban gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Kipande chetu cha jibini kilichopikwa kwa mafuta ya alizeti kina gramu 5 za mafuta ya aina hiyo. Kwa gramu 100 za siagi, kinakuwa na zaidi ya gramu 8. Ukila viwili umetumia robo tatu ya mgao wa siku nzima.

Kwa nini börek inahitaji mafuta kiasi hicho? Kwa sababu yufka hukauka. Tabaka mbili kavu zikikutana hushikana na kuwa ngumu kama kadibodi. Mpishi hupitisha mchanganyiko wa mafuta, maziwa na mayai kati ya tabaka ili zisishikane na zibaki laini. Lakini kazi ya kulainisha si ya mafuta peke yake. Wapishi wengi wa Kituruki huongeza mtindi kwenye mchanganyiko huo, au glasi ya maden suyu, maji ya madini yenye gesi. Unyevu huo huingia kwenye yufka, huchemka ndani ya oveni, na mvuke wake huzinyanyua tabaka zikaumuka. Kwa njia hiyo mafuta yanaweza kupunguzwa bila mlaji kulalamika.

Ya kukaanga na ya kuchemsha

Ndugu wawili katika familia hii wanastahili kutazamwa kwa karibu.

Wa kwanza ni sigara böreği, ile nyembamba iliyoviringishwa kama sigara, yenye jibini na maydanoz ndani, inayokaangwa kwenye mafuta mengi. Itazame ikiwa kikaangoni. Ule mlio na vile vibofu vidogo vinavyoizunguka ni maji ya unga yanayogeuka mvuke na kutoka nje. Wakati mvuke unatoka kwa nguvu, mafuta hayapati nafasi ya kuingia sana. Hatari inaanza unapoiopoa. Mvuke unapoa, vijitundu vilivyoachwa na maji vinabaki vitupu, na mafuta yaliyonata juu ya ngozi hufyonzwa ndani. Anayekaanga sambusa atalitambua jambo hili mara moja. Dawa yake ni ileile: mafuta yawe na moto wa kutosha kabla ya kutia, usijaze kikaango, na mara tu ukiiopoa ichuje na kuilaza kwenye karatasi ikiwa bado inafuka.

Wa pili ni su böreği. Su ni maji, na jina linaeleza kazi yenyewe. Karibu kila tabaka ya unga uliokandwa kwa mayai huchemshwa kwenye maji ya chumvi kwa muda mfupi, ikatumbukizwa kwenye maji baridi, ikachujwa, kisha ikalazwa sinia­ni na kupakwa siagi. Jibini huwekwa katikati, na sinia huiva kwenye oveni au juu ya moto. Ikiiva inakuwa laini ndani kama tambi na yenye ngozi ya dhahabu juu. Kwa kuwa imenyonya maji, na maji hayana kalori, unaweza kutegemea kwamba gramu 100 zake zitakuwa nyepesi kuliko za börek iliyokaangwa. Lakini ulaini wake unalihadaa koo. Haitafunwi sana, inateleza, na siagi iko kwenye kila tabaka. Ndiyo börek ambayo mtu humaliza sahani bila kujua ameimaliza saa ngapi.

*Kwa kifupi: kijazo ndicho kinacholeta faida, mafuta ndiyo yanayoongeza kalori. Ukitaka kujua börek ni nzito kiasi gani, uliza imepikwa vipi na kwa mafuta gani, kabla ya kuuliza imejazwa nini.*

Chumvi isiyoonekana

Jibini nyeupe ya Kituruki, beyaz peynir, huhifadhiwa ndani ya maji ya chumvi. Ndiyo inayoilinda isioze na kuipa ladha yake. Gramu 100 za jibini ya aina hii zinaweza kubeba karibu gramu 3 za chumvi. Ongeza ile iliyokandwa kwenye unga, na sinia letu linafikia gramu 13 na zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Vipande viwili vya börek ya jibini hutumia zaidi ya gramu 2 kati ya hizo 5, kabla ya kugusa zeituni zilizoko pembeni, ambazo nazo zimelala kwenye chumvi.

Dawa iko jikoni. Lowesha jibini kwenye maji ya baridi kwa saa kadhaa, ukiyabadilisha mara moja au mbili, na chumvi nyingi itatoka. Akina mama wa Uturuki hufanya hivyo jibini ikiwa kali. Pia, ikiwa kijazo ni jibini, punguza chumvi ya kwenye unga; hakuna atakayegundua.

Kinachokaa pembeni ya sahani

Börek hailiwi peke yake, na kinachoisindikiza kinaweza kuisaidia au kuizidishia mzigo.

Chai ndiyo rafiki yake mkubwa. Chai ya Kituruki ni kali, haina maziwa, na hunywewa kwenye glasi ndogo yenye kiuno chembamba. Bila sukari haina kalori za kuhesabu. Ila chai ina tanini, zile zinazokaza ulimi, na tanini huzuia madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka yasinyonywe. Mwenye upungufu wa damu anayekula börek ya spinachi afadhali aisubirishe chai kwa saa moja hivi.

Ayran, mtindi uliochanganywa na maji na chumvi, huongeza kalsiamu na protini kidogo. Kwa börek ya nyama au ya viazi ni mwenzi mzuri. Kwa börek ya jibini, kumbuka unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Rafiki bora zaidi yuko tayari kwenye meza ya asubuhi ya Kituruki: nyanya zilizokatwa, matango, pilipili hoho za kijani, majani mabichi, na limau la kukamulia. Hivi vinaleta nyuzinyuzi ambazo börek haina. Vinaleta pia vitamini C, ambayo husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma ya kwenye spinachi. Ukijaza nusu ya sahani kwa mboga hizi, kipande kimoja cha börek kitakutosha mahali ambapo vitatu havikukutosha.

Nani awe mwangalifu zaidi?

- *Mwenye kisukari.* Kila kipande cha börek ya jibini kina wanga gramu 33 hivi, karibu wote wa unga mweupe. Ahesabu vipande na ale na mboga. Yufka ya unga usiokobolewa, kwa Kituruki tam buğday, inamfaa zaidi.
- *Mwenye shinikizo la damu.* Ajihadhari na ya jibini, au aombe ya spinachi au ya viazi.
- *Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.* Vitamini K ya spinachi inaweza kugongana na baadhi ya dawa hizo. Aulize daktari, na asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula.
- *Mwenye ugonjwa wa siliaki*, yaani yule ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, protini ya ngano. Yufka ya kawaida haimfai kabisa, kijazo chochote kiwe.
- *Mjamzito.* Ale iliyoiva ikafuka hadi katikati. Jibini ya shambani iliyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa inaweza kuwa na vijidudu, na moto wa kutosha ndio ulinzi wake.

Kwa mtoto anayekua, au kwa mtu mwenye kazi nzito za mikono, kipande chenye nguvu, protini na kalsiamu kwa pamoja ni chakula chema. Mwili wake una mahali pa kuzipeleka kalori hizo.

Ukiwa mbele ya kabati la vioo

Duka la börek Uturuki huitwa börekçi. Masinia yako nyuma ya kioo, muuzaji ana kisu kipana, na mara nyingi pana mizani. Maneno haya yatakusaidia:

- *Fırında*: ya oveni
- *Kızartma*: ya kukaanga
- *Tereyağlı*: yenye siagi
- *Tam buğday*: ya unga usiokobolewa
- *Yüz gram*: gramu 100
- *Yarım porsiyon*: nusu sahani

Hilo la mwisho ni la thamani kuliko yote. Sahani moja ya duka mara nyingi ni zaidi ya kipande chetu cha gramu 110. Ukisema *yarım porsiyon* hakuna atakayekushangaa. Ni agizo la kawaida. Kisha omba nyanya na tango.

Sinia la watu wangapi?

Turudi kwa yule mfanyabiashara wa Laleli. Je, börek inanenepesha?

Wanawake wa Uturuki wana desturi iitwayo altın günü, siku ya dhahabu. Ni upatu kama tunaoujua: marafiki hukutana kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao, kila mmoja akiwa na sarafu ya dhahabu au fedha yake, na mwenye zamu ndiye anayepokea. Mwenye nyumba huchemsha chai na kutoa sinia la börek. Tuseme wamekuja kumi na wawili. Sinia letu la kalori 3,660 linakatwa vipande 12, kila mtu anakula kalori 305, wanazungumza kwa saa tatu, wanaondoka.

Sasa lichukue sinia lilelile uliweke kwenye chumba cha mwanafunzi anayeishi peke yake Ankara. Anakata robo usiku, robo asubuhi, robo akirudi chuoni. Kila robo ni kalori 915. Mpishi ni yuleyule, jibini ni ileile, mafuta hayajaongezeka hata tone. Kilichopungua ni watu.

Tangu mwanzo börek imepikwa na mikono mingi kwa ajili ya vinywa vingi. Siagi yake, jibini yake na unga wake vilipimwa kwa kudhani kwamba mlango utabishwa hodi. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Laleli, chukua nusu sahani, iliyotoka oveni, ya spinachi au ya nyama, na nyanya pembeni. Na wewe kijana wa Ankara, ukipika sinia, gonga mlango wa jirani kabla hujashika kisu.